Maswali ya Wasomaji: Sanduku la sauti linalojaa milio

SWALI: Ndugu Mshauri, ofisi yetu ipo Kirumba, si mbali na Mwaloni, na kazi yetu ni kukusanya dagaa wakavu na kuwasafirishia wanunuzi wa mikoani na nchi jirani. Mwezi uliopita fundi alitufungia swichibodi ndogo ya kompyuta yenye programu ya Asterisk, akaiunganisha na laini yetu ya mezani ili wenye mitumbwi na wateja wanaopiga usiku waweze kuacha ujumbe wa sauti. Asubuhi ya kwanza tulikuta ujumbe 11, na 9 kati yake ulikuwa "tuu, tuu, tuu" ya dakika tatu nzima. Tulipolalamika, fundi alisema amepunguza muda wa ukimya hadi sekunde 2. Milio bado ipo palepale, na sasa hata watu wa kweli wanakatwa: tunasikia "Shikamoo mzee, habari za asubuhi?" kisha basi. Je, mashine ni mbovu?
Msomaji, Kirumba, Mwanza

JIBU: Mashine ni nzima, ndugu msomaji. Sanduku la sauti halijui kama anayeongea ni mtu au la. Linajua sauti, ukimya na muda uliopita, na mara nyingi kwa mambo hayo ndipo linapoamua kuanza au kuacha kurekodi. Huo mlio wa "tuu" ni sauti, wala si ukimya, kwa hiyo kupunguza muda wa ukimya hakuwezi kuuzuia. Anayeumia ni mpigaji mwenye adabu. Mtu wa kwetu akishasema "habari za asubuhi?" hutulia kidogo akingoja kujibiwa "nzuri", hata kama anajua fika kwamba anaongea na mashine, na utulivu huo wa sekunde mbili ndio unaomkata kabla hajafika kwenye gunia la dagaa alilopigia simu. Mwambieni fundi afungue faili liitwalo voicemail.conf na kurudisha kipengele cha maxsilence, yaani muda wa ukimya kwa sekunde, kwenye 10, ambayo ndiyo tarakimu iliyomo katika faili la mfano linalokuja na programu hiyo.

Sasa tuje kwenye mlio wenyewe. Kwenye laini ya mezani ya waya, mpigaji anapokata simu, si lazima kituo cha simu kitume ishara ya umeme kuiarifu swichibodi yenu. Mara nyingi kinachofika ni mlio tu, ambao binadamu akiusikia huweka mkonga chini. Kile kifaa kidogo kinachounganisha waya wa simu na kompyuta kinapaswa kuutambua mlio huo kwa kimo chake cha sauti na kwa mpigo wake, yaani unalia kwa muda gani na kunyamaza kwa muda gani. Vingi hutoka kiwandani vikiwa vimepangwa kwa milio ya Marekani, ambako mlio wa laini yenye shughuli ni mchanganyiko wa hezi 480 na 620, nusu sekunde ukilia na nusu sekunde kimya. Kikisubiri mlio wa namna hiyo na laini yenu ikaleta mwingine, kifaa kinaamini kwamba mteja bado anaongea, na kurekodi kunaendelea mpaka kikomo cha dakika tatu alichowawekea fundi.

Dawa mnayo tayari ndani ya sanduku, nami nawasihi msiufute ule ujumbe wa milio kabla fundi hajauchukua. Auhamishie kwenye kompyuta, aufungue kwa programu ya kuhariri sauti kama Audacity, apime kimo na mpigo wake, kisha aandike tarakimu hizo kwenye mipangilio ya kifaa, sehemu ya mlio wa kukatwa kwa simu. Niliwahi kukaa na tatizo hilihili siku nne katika ofisi moja ya Nyakato, nikibadilisha nyaya na kulaumu umeme, kumbe kazi yenyewe ilikuwa ya dakika ishirini.

Msilipuuze jambo hili kwa kudhani kwamba milio haidhuru. Nafasi ya diski haitawasumbua, kwa kuwa dakika moja ya sauti isiyobanwa huchukua takribani megabaiti moja, lakini programu hiyo kwa kawaida huruhusu ujumbe 100 tu katika kila folda, na sanduku likishajaa, mteja wa Ukerewe anaambiwa halipokei tena. Kwa hesabu yenu ya milio tisa kwa usiku, hamtamaliza wiki mbili.

Mwisho, sauti ya makaribisho inayokuja na programu ni ya Kiingereza. Rekodini yenu kwa Kiswahili, iwe fupi, na imwambie mpigaji cha kutaja: jina, namba ya simu, na mzigo anaouzungumzia.

SWALI: Nina duka la nyavu Sengerema. Nataka simu yangu ya mkononi nisipoipokea iende kwenye sanduku la sauti la ofisi yetu ya Mwanza, lakini wateja hupokelewa na sanduku la kampuni ya simu. Nifanyeje?

JIBU: Masanduku mawili yakingoja simu moja, lenye subira fupi ndilo linaloichukua. Piga **61* kisha namba ya ofisi kwa ukamilifu wake ukianzia na +25528, halafu ** na idadi ya sekunde, umalizie kwa # na kubonyeza kitufe cha kupiga. Sekunde huenda kwa tano tano, kuanzia 5 hadi 30. Chagua 20, nawe uhakikishe swichibodi ya Mwanza haiiti kwa muda mrefu kabla ya kufungua sanduku, maana mpigaji atakuwa ameshasubiri kwako. Amri hiyo inahusu simu isiyopokelewa tu. Simu ikiwa imezimwa au haina mtandao, rudia kwa **62* bila kuweka sekunde. Gharama ya kipande cha Sengerema hadi Mwanza hukatwa kwenye salio lako, si la mpigaji. Ukitaka kufuta yote, piga ##002#.