Jibu la msomaji: Anza na transkripti, picha ya mahafali isubiri

Swali la wiki: "Mdogo wako akitaka kusoma chuo ulichosoma wewe, utamwambia aende au asiende?"

Ukiona majibu mawili yanagombana kichwani, usiharakishe kumpa lolote. Kwanza angalia yanatoka wapi. Mwaka 1993 mwanasaikolojia Daniel Kahneman na wenzake waliwataka watu watumbukize mkono katika maji baridi ya nyuzi 14 za Selsiasi kwa sekunde 60. Mara nyingine walikaa sekunde 60 hizohizo, wakaongezewa 30 huku maji yakipashwa taratibu hadi nyuzi 15. Walipoulizwa awamu ipi wangependa kurudia, wengi walichagua ile ndefu, ambayo ndiyo yenye maumivu mengi zaidi. Kumbukumbu hushika palipouma sana na palipoishia.

Sasa fikiria chuo huishaje: tasnifu imerudishwa mara ya tatu, alama za somo moja hazionekani kwenye mfumo, na fomu ya kuthibitisha kwamba hudaiwi inasubiri saini ya mtu wa maktaba ambaye yuko likizo. Wiki sita za namna hiyo hupaka rangi miaka mitatu. Mahafali nayo hupaka rangi upande wa pili, kwa hiyo vigelegele visikudanganye.

Chukua transkripti, ile karatasi ya chuo yenye masomo yako yote na alama zake, upitie somo moja moja. Alama uliyopata iache. A ya kukariri haikuambii kitu. Andika pembeni kama umewahi kulitumia somo hilo, na nani hasa alikuelewesha: mhadhiri, fundi wa maabara, au wenzako mliokuwa mkikesha na mitihani ya miaka ya nyuma. Hapo ndipo wahitimu wengi hushtuka. Sifa kubwa wanazokipa chuo ni za kundi lao la kujisomea, na mdogo wako hatalikuta. Lawama nazo mara nyingi ni za ofisi moja, tena ile ya fedha, wala hazigusi darasa.

Ushahidi wako pia huchacha. Mtaala hupitiwa upya, wahadhiri wa muda huondoka, mashine huharibika zisipate mbadala. Kama umehitimu zaidi ya miaka mitano iliyopita, tafuta wawili wa programu ileile, mmoja wa mwaka wa pili na mmoja aliyemaliza mwaka jana. "Chuo kikoje?" usiulize, maana utajibiwa "kizuri tu". Uliza wanafunzi wangapi hugawana kifaa kimoja kwenye vitendo, matokeo ya muhula hutoka baada ya wiki ngapi, nafasi ya mafunzo kazini hutafutwa na chuo au na mwanafunzi mwenyewe, na nani anafundisha somo ambalo wengi hurudia.

Baada ya hapo jibu lako litakuwa la programu, si la chuo kizima: uhasibu hapo nenda, kompyuta tafuta kwingine. Akiamua kwenda, mwambie atunze stakabadhi ya kila malipo na kila kazi iliyosahihishwa, na apige picha matokeo ya kila muhula siku yanapobandikwa. Alama zikipotea mwaka wa mwisho, asiye na karatasi anaweza kurudishwa kufanya mtihani alioufaulu. Asitupe chochote hadi cheti kiwe mkononi na majina yake yawe yameandikwa sawasawa.