Redio ya jamii kwa watangazaji wa kujitolea: kwenye hesabu yako sijaona nauli

Mkuu mleta uzi, umeuliza kama redio ya jamii wilayani inaweza kuendeshwa na watangazaji wa kujitolea watupu, ukaweka na hesabu ya mtambo, mnara na studio. Nimejitolea redioni miaka minne, mji mdogo wa pwani ya kusini, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyapitia. Inawezekana. Ila hesabu yako haina nauli, na mimi nimeona redio ikiyumba kwa nauli wakati mtambo ni mzima kabisa.

Nilikuwa na zamu ya alfajiri, kufungua matangazo saa kumi na moja. Muda huo daladala hakuna, ni bodaboda tu, na boda wa usiku bei yake unaijua. Studio yetu ilikuwa chumba kimoja, ukutani tumegandisha trei za mayai ili sauti isirudi, maiki mbili, moja imefungwa gundi ya karatasi shingoni. Kitu cha kwanza kusoma ni utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa: upepo unatoka wapi, mawimbi makubwa kiasi gani. Hasa miezi ya kusi, wavuvi walikuwa hawashushi chombo bila kuusikia.

Siku moja mwenzangu wa zamu hakutokea. Mfukoni hakuwa na kitu, na ni mbali kutembea peke yake gizani, binti wa watu. Redio ikafunguliwa saa moja. Mchana akaja mzee mmoja mvuvi mpaka mlangoni, nguo bado zina chumvi, akaniuliza, "Mwanangu, leo mlilala?" Hakugomba, aliuliza tu, kisha akaondoka. Nilishindwa kumjibu, na mpaka leo nikilikumbuka swali lile naona aibu.

Jioni ile tulikaa kikao, tukakubaliana kitu kimoja: pesa ya kwanza inayoingia ni ya nauli za zamu, kabla ya luku ya umeme, kabla ya vocha za ofisi. Ilitoka kwenye kadi za salamu. Tulichapisha kadi, tukazigawa madukani, mwenye duka anabaki na chake kidogo. Msikilizaji ananunua, anajaza majina, sisi tunasoma. Usidharau wanasalamu, mkuu. Wanajuana kwa majina ya hewani, wanatembeleana, wanazikana. Mvua ilipoangusha nguzo ya antena, wao ndio waliochanga kabla mfadhili hajajibu hata barua. Nyingine tulipata kwenye matangazo ya misiba na mifugo iliyopotea, ingawa ya msiba ukiona mtu hana, unasoma bure. Msiba haudaiwi.

Na kuna jambo watu hawalisemi wazi. Mtangazaji asiye na nauli ananunulika. Kipindi cha kampeni mgombea mmoja alikuja na bahasha za kaki, moja kwa kila aliyekuwa zamu. Wawili walipokea. Sikuwalaumu sana wao, niliulaumu uongozi wetu uliokaa mwaka mzima ukiwaambia "vumilieni, hii ni redio yenu". Habari za yule mgombea zilisomwa mara tatu kwa siku, na wasikilizaji wakajua. Kuwarudisha kulituchukua muda mrefu kuliko kurudisha ile antena.

Studio isikuumize kichwa. Koch FM ya Korogocho, Nairobi, iliyoanzishwa na vijana wa mtaani kwao mwaka 2006, ilirusha matangazo kutoka ndani ya kontena. Wao na Pamoja FM ya Kibera wametumia masafa yale yale, 99.9, kila mmoja akisikika eneo lake kwa sababu nguvu ya mtambo ni ndogo. Nawe huhitaji mtambo wa kufika mkoa mzima. Mawimbi ya FM yanakwenda kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo mnara juu ya kilima utakufikisha mbali kuliko wati nyingi bondeni. Leseni fuata utaratibu wa TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, mapema, usirushe hata jaribio kabla ya kibali.

Jingine: wafundishe watu kuliko unaowahitaji. Wazuri wataondoka. Wetu watatu walichukuliwa na redio za biashara Dar, na tulifurahi nao, lakini kwa wiki mbili mwenzetu mmoja wa kujitolea, fundi cherehani, alishika vipindi viwili kwa siku, asubuhi na usiku, na cherehani imefungwa. Hiyo ni hasara ya mtu mwenye watoto. Mwenye kazi yake mpe zamu mbili kwa wiki, basi.

Weka hapa ratiba yako, na kila mtangazaji anakaa umbali gani na studio. Tupige hesabu ya boda kwanza.