Zuhura mwanangu, kuhusu yale mabenki na korosho ya 2018

Zuhura mwanangu, huku Tandahimba tuko salama, mikorosho imeanza kutoa maua na kila mtu mdomoni ni salfa tu, ile dawa ya kupulizia mikorosho.

Swali lako nimelipata. Unasema mwenzio hapo dukani Kariakoo anashikilia kwamba serikali isitie mkono sokoni hata kidogo, soko litajinyoosha lenyewe, na wewe ukamrushia mbona 2008 Marekani ilitoa hela za walipa kodi ikaokoa mabenki ya matajiri, afu ukakwama, unataka nikwambie kama haikuwa bora yangeachwa yafe tu. Mie sio mchumi, nilikuwa karani wa chama cha msingi cha ushirika wa wakulima, ila mambo ya soko na serikali yamenipitia mikononi.

Kwanza, benki kuachwa ife sio jambo geni, hata hapa kwetu limefanyika. Januari 2018 Benki Kuu ilifuta leseni za benki tano kwa mpigo, Covenant, Efatha, Njombe, Meru na ile ya wakulima wa Kagera, sababu mitaji yao ilishuka chini ya kile sheria inachotaka. Hakuna aliyekuja kuziokoa. Wenye akaunti wakaelekezwa Bodi ya Bima ya Amana, ile inayowalipa wateja benki ikifa, wakati huo kinga mwisho milioni 1.5 kwa mtu, aliyekuwa na zaidi ya hapo asubiri mali za benki ziuzwe. Wenye hela zao iliwauma sana lakini nchi haikuyumba, huku kusini wengi hata hawakujua kama kuna kitu kimetokea.

Sasa Wamarekani nao waliiacha Lehman Brothers, benki yao kubwa ya uwekezaji, ife, tarehe 15 Septemba 2008, na hapo ndo balaa likalipuka. Hawa hawakuwa benki ya wilaya. Katika kila dola 30 walizozungusha, kama dola moja tu ndo mtaji wao, zilizobaki zote madeni, yaani mali zikishuka bei kwa asilimia nne tu umekwisha. Na hizo mali zenyewe nyingi zilitokana na mikopo ya nyumba waliyopewa watu ambao kipato chao hakitoshi, riba mwanzoni ndogo inakuvutia, baada ya muda inapanda, na aliyekukopesha hana habari kama utalipa maana deni lako keshaliuza kwa mwingine, huyo naye kalichanganya na mengine maelfu akayauza tena kama dhamana, yaani hati za kuwekeza hela. Ni kama mtu achanganye korosho mbovu na nzima gunia moja afu mkaguzi agonge muhuri wa daraja la kwanza, na mkaguzi mwenyewe analipwa na muuzaji! Maana zile kampuni za kupanga madaraja ya dhamana zilikuwa zinalipwa na wenye kuuza dhamana, hilo sikutungii.

Siku bei za nyumba ziliposhuka hakuna aliyejua nani kashika mbovu kiasi gani, kwa hiyo mabenki yakagoma kukopeshana, kila mmoja anamwogopa mwenzie. Ndo maana kesho yake tu, Septemba 16, serikali iliyotoka kuiacha Lehman ikageuka ikaikopesha AIG dola bilioni 85. AIG ni kampuni ya bima, ilikuwa imewauzia mabenki kinga ya zile dhamana bila kuweka akiba ya kulipa mambo yakiharibika. Na hapa mwambie mwenzio asikilize vizuri, mikataba ya namna hiyo ilikuwa imewekwa nje ya usimamizi kwa sheria ya mwaka 2000, kwa makusudi kabisa, wakubwa walisema wenye soko wanajua kujilinda. Soko liliachwa huru kama anavyotaka yeye, afu mwisho wa siku serikali ikaingia kwa nguvu kuliko vile ingeingia kama ingesimamia toka mwanzo.

Kuhusu hasira yako ya kuokoa matajiri, kwenye hesabu peke yake serikali haikupata hasara kwa AIG, hela ilirudi na faida ya dola kama bilioni 22 juu. Ila mamilioni ya watu walinyang'anywa nyumba zao na hawakupata mwokozi wa namna hiyo, na wakubwa wa mabenki waliofungwa jela Marekani ni wa kutafuta kwa tochi, wakati Iceland, kanchi kadogo vile, waliwafunga wa kwao. Hapo niko na wewe.

Afu mwenzio naye asidharauliwe, ana hoja kwamba serikali inaweza ikaharibu. Si unaikumbuka 2018 hapa? Mwaka wa nyuma yake korosho ilifika mpaka kama 4,000 kwa kilo, msimu huo bei ya dunia ikashuka, wanunuzi wakaja na bei za chini ya 3,000, wakulima Newala na Tandahimba wakagoma kuuza. Novemba Rais Magufuli akatangaza serikali inanunua yote kwa 3,300, malori ya jeshi yakaja kubeba. Watu walishangilia bwana! Ikaja uhakiki, mwenye zaidi ya kilo 1,500 aonyeshe shamba, malipo yakasuasua mpaka wengine wakaingia msimu mwingine wanadai, na mzigo ukabaki maghalani hauna mnunuzi. Januari 2019 kampuni moja ya Kenya ikasaini kununua tani laki moja, mkataba ukavunjika. Serikali ikishakuwa mnunuzi, inabeba ghala, inabeba kushuka kwa bei, inabeba na lawama za kila mtu, na hakuna wa juu yake wa kumlalamikia.

Lakini hebu angalia ule mgomo wenyewe uliwezekanaje. Uliwezekana kwa sababu ya stakabadhi ghalani, iliyoanza Mtwara msimu wa 2007/08. Korosho inapimwa kwenye mzani, inaingia ghalani, una karatasi mkononi, bei za wanunuzi zinasomwa mbele ya mkutano, mkikataa mmekataa. Mfumo una madudu yake, makato kibao, malipo ya pili, ile hela inayobaki kulipwa baadaye, yaliwahi kuleta vurugu, nisikudanganye. Lakini linganisha na kangomba, mtu anakuja kabla ya msimu unadaiwa ada ya mtoto, anakupimia kwa bakuli lake yeye na bei yake yeye, unakataaje? Huko serikali haionekani na mkulima hana uhuru wowote. Kwa hiyo mie serikali ninayoitaka sokoni ni ya mzani na ya madaftari, inayolazimisha bei ionekane na deni lionekane, huyu ana mtaji kiasi gani, yule kauza kinga na hana akiba. Wamarekani wenyewe baada ya ule mdororo wa uchumi wa 1929 waliweka sheria 1933, bima ya amana ikaanzishwa, na watu wakaacha kukimbilia benki kutoa hela zao kila wakisikia uvumi. Ya kununua mazao yote iwe ya dharura kubwa kweli kweli, tena kwa tarehe ya mwisho inayojulikana.

Na kangomba ya mjini ipo pia, ile mikopo ya kwenye simu. Benki Kuu Novemba 2024 ilifungia aplikesheni 69 zilizokuwa zinakopesha bila kibali, kwa hiyo yule rafiki yako anayetumiwa meseji za kudhalilishwa aangalie kama waliomkopesha wana leseni, asilipe kwa woga tu.

Mwisho, ulisema akiba yako yote imekaa benki moja na imepita milioni tisa. Kinga ya amana sa hivi ni mpaka milioni 7.5 kwa mtu mmoja kwa benki moja, hamishia kiasi benki nyingine ili zote ziwe chini ya hapo, fanya wiki hii maana nakujua wewe kwa kuahirisha. Mama yako anakusalimu, na anauliza mtama aliokutumia kwa basi umeupata au bado uko stendi.

Baba yako