Picha za kale na mitaa ya leo: majibu kwa wasomaji

Wasomaji kadhaa wameniuliza namna ya kulinganisha picha za kale za Mji Mkongwe wa Unguja na hali ya mitaa hiyo leo. Nimechagua maswali matano.

Swali: Marehemu babu aliacha picha ya Forodhani isiyo na tarehe. Nitajuaje ni ya miaka gani?

Anza na Beit al-Ajaib, jumba la Forodhani lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883. Ukiona mnara mrefu umesimama peke yake mbele ya jumba, upande wa baharini, picha hiyo ilipigwa kabla ya tarehe 27 Agosti 1896, siku ambayo manowari za Waingereza ziliupiga mji mizinga kwa muda usiotimia saa moja na mnara ule ukaharibika. Ukiona mnara wa saa umeungana na uso wa jumba, picha ni ya baada ya tukio hilo. Mnara huo wa pili nao uliporomoka pamoja na sehemu kubwa ya jumba tarehe 25 Desemba 2020, kwa hiyo usishangae picha yako ya simu isipolingana na ya babu. Tazama pia ardhi iliyo mbele: bustani tunayokula urojo leo ilitengenezwa miaka ya 1930, na kabla yake eneo lile lilikuwa la shughuli za forodha, kama jina lake linavyosema.

Swali: Mbona vichochoro vya zamani vinaonekana vitupu na safi? Watu walikuwa wachache?

Hapana. Katika kichochoro kisichoingia jua, kamera ya wakati ule ilibidi iwekwe juu ya miguu mitatu na lenzi iachwe wazi kwa muda, pengine sekunde kadhaa, na mpita njia asiyesimama hakuacha alama yoyote, au aliacha ukungu hafifu tu. Chukua kioo cha kukuzia uitazame picha polepole. Utamwona mzee aliyekaa barazani, ametulia, na mikunjo ya kilemba chake inahesabika. Hatua mbili kutoka kwake utaona doa jeupe lenye umbo la kanzu lakini lisilo na uso. Huyo alikuwa mtu mwenye haraka zake. Baraza lenyewe huenda bado lipo, ila leo utalikuta limeegemewa na Vespa. Ama kuhusu usafi, picha haina harufu, na mimi nisingeuchukua kuwa ushahidi.

Swali: Bibi anasema Darajani palikuwa na bahari. Je, ni kweli?

Ni kweli, na jina linamuunga mkono. Hori la bahari lilikuwa likijaa na kupwa kati ya Mji Mkongwe na Ng'ambo, na watu walivuka kwa daraja. Hori hilo lilifukiwa kidogo kidogo hadi likatoweka, na pembezoni mwake ikapita Creek Road, ambayo leo ni Barabara ya Benjamin Mkapa. Soko la Darajani, lililojengwa mwaka 1904, ndilo alama nzuri ya kuanzia.

Tatizo ni upande wa pili wa hori, yaani Ng'ambo. Wapigapicha wenye studio mjini, kama A. C. Gomes, waliwauzia wasafiri picha na kadi za posta, na wasafiri walitaka majumba ya kifalme na milango ya nakshi. Ng'ambo, ambako wakazi wengi waliishi, huonekana kwa mbali, paa za makuti zikiwa zimejipanga nyuma ya maji. Tena Michenzani, mtaa wa huko Ng'ambo, ilibadilishwa kabisa na majumba marefu ya ghorofa ya miaka ya 1970, hivyo kupata mahali aliposimama mpigapicha ni kazi ngumu mno. Huko mshike bibi yako mkono, mpe picha, umsikilize.

Swali: Nimeona picha ya treni mtaani Unguja. Imetengenezwa kwa kompyuta?

Si lazima. Reli ya Bububu ilianza mwanzoni mwa karne ya 20, ikapita mjini na kwenda maili 7 hivi hadi Bububu, kisha ikafungwa kabla ya mwaka 1930.

Swali: Nitapataje pahali hasa aliposimama mpigapicha wa zamani?

Chagua vitu viwili katika picha, kimoja cha karibu na kingine cha mbali, kwa mfano kona ya roshani na ncha ya mnara wa msikiti. Tembea kushoto na kulia mpaka vikutane kama vinavyokutana katika picha, ndipo usogee mbele au nyuma. Beba nakala ya karatasi, kwa sababu jua la adhuhuri huufanya uso wa simu usionekane. Vivuli vitakusaidia kujua saa: majengo ya Forodhani yanatazama baharini, upande wa magharibi, hivyo uso wake ukiwa umewaka jua, hiyo ni alasiri.

Kabla ya kutoka nyumbani, hakikisha picha haikugeuzwa. Mimi niliwahi kuzunguka Shangani asubuhi nzima nikitafuta mtaa unaokata kulia, kumbe aliyesafisha picha alikiweka kinyumenyume kioo cha negativu, yaani kile kilichonasa picha ya asili, na mtaa ulikuwa unakata kushoto. Kilichonifungua macho ni kibao cha duka kilichokuwa pembeni, kidogo kama ukucha, chenye herufi zilizoandikwa kama zinavyoonekana kwenye kioo cha kujitazamia.