Mililita 190 si milimita 190

Umetuma picha ya kipimamvua chako, ukauliza kama mvua uliyopima ni milimita 190. Ni milimita 15, ndugu. Hizo 190 ulizosoma kwenye silinda ya maabara ni mililita, yaani ujazo, na mvua huandikwa kwa kina. Kipimamvua cha inchi 5 kina mdomo wenye kipenyo cha milimita 127, eneo lake sentimita za mraba 126.7, kwa hiyo kila milimita moja ya mvua huleta mililita 12.67. Gawanya 190 kwa 12.67, unapata 15.0.

Ila pima mdomo kwanza kwa rula, ukingo wa ndani hadi wa ndani. Kikiwa cha inchi 8, mililita hugawanywa kwa 32.4. Takwimu nyingi huharibikia hapa: glasi ya kupimia, iliyochorwa milimita kulingana na saizi ya mdomo, inavunjika, mtu anaazima ya kipimamvua cha saizi nyingine, na kosa linakaa miezi kwa sababu namba bado zinafanana na mvua ya kweli.

Wakati wa kusoma, weka silinda mahali tambarare, shusha jicho hadi usawa wa maji, soma pale katikati yalipobonyea, si pembeni yanapopanda kwenye kioo. Fanya hivyo saa 3 asubuhi kila siku. Maji yakikaa siku mbili tatu, mengine huwa yameshakauka.

Na huo mwembe kwenye picha yako uko karibu mno. Mti wa mita 6 unataka kipimamvua kikae angalau mita 12 kutoka kwake.