Pensheni ya Minnesota, maisha ya Texas

SWALI: Habari mhariri. Mamangu alikuwa nesi Minnesota miaka mingi, sasa amestaafu akahamia Texas kwa dadangu. Juzi alinitumia picha ya karatasi ya pensheni kwa WhatsApp nikaona bado kuna laini ya ushuru wa Minnesota, na yeye hakai huko tena, nyumba tu ndio hajauza. Hiyo pesa ndio inasomesha wadogo wetu huku. Ni halali kweli?
Msomaji, Kondele, Kisumu

JIBU: Pole ndugu, lakini kama amehama kweli hiyo pesa inaweza kurudi. Zamani majimbo kama California yalikuwa yanamfuata mstaafu hata akihama, ati pensheni ilitokana na kazi ya kwao, wazee wakalalamika mpaka Congress, yaani bunge la Marekani, ikapitisha sheria iliyotiwa saini Januari 1996, jimbo lisitoze ushuru wa mapato kwa pensheni ya mtu ambaye si mkaazi wake tena. Anayetoza ni jimbo analoishi sasa, na Texas haina ushuru wa mapato kabisa. Ule wa serikali kuu ya Marekani uko palepale.

Mara nyingi anayelipa pensheni anafuata tu fomu ya zamani. Mama mwenyewe awaandikie wabadilishe anwani na wasimamishe makato ya Minnesota, halafu yale yameshakatwa ayadai kwa kujaza ritani ya huko kama mtu asiye mkaazi, na asikawie juu kudai kuna muda wake. Ile pensheni ya miezi kabla hajahama, Minnesota ina haki nayo, hapo msibishane.

Hiyo nyumba ndio inanitia wasiwasi. Nani ni mkaazi inaamuliwa na sheria ya jimbo lenyewe, na Minnesota ukiwa na nyumba ya kuishi huko na ukikaa siku 183 au zaidi kwa mwaka, wanakuhesabu mkaazi wao. Hata chini ya hizo, kama leseni ya gari ni ya huko na kura anapigia huko, watasema hakuhama, alienda kutembelea binti. Na siku akija kukaa nanyi Kondele ni vilevile, kupanda ndege tu hakumtoi kwenye ukaazi wa Minnesota.

Kwa hivyo mwambie achukue leseni ya Texas, ajiandikishe kura huko, daktari na benki wawe na anwani mpya, na risiti za kuhamisha vitu azihifadhi. Nyumba akiipangisha kwa mkataba wa maandishi itamsaidia zaidi kuliko kuiacha tupu ikimngoja.