Ndizi haina neno, angalia radoni

Umeuliza kama mionzi ya asili inadhuru, na kama ni kweli ndizi zina mionzi. Zinayo, kwa sababu ya potasiamu-40, aina ya madini ya potasiamu inayotoa mionzi, lakini usiache kuzila: mwili una kiwango chake cha potasiamu, na ya ziada hutoka na mkojo. Hata hapo ulipokaa unasoma, atomi elfu kadhaa za potasiamu-40 zinavunjika mwilini mwako kila sekunde. Ndivyo tulivyo sote.

Kwa wastani duniani mtu hupata mionzi ya asili ya takriban milisieverti 2.4 kwa mwaka (milisieverti ni kizio cha mionzi inayoingia mwilini) kutoka ardhini, angani, kwenye chakula na hewa. Karibu nusu yake ni radoni, na hiyo ndiyo ya kuitilia maanani. Ni gesi isiyo na rangi wala harufu, hutokana na urani iliyomo miambani na udongoni, hupenya kwenye nyufa za sakafu na kujikusanya vyumba vya chini visivyopitisha hewa. Inasababisha saratani ya mapafu, na kwa mvutaji sigara hatari inaongezeka maradufu na zaidi. Kipimo chake ni kikopo kidogo tu, unakiacha chumbani miezi kadhaa kisha kinasomwa maabara.